UZI: Kuandaa midia na stoki zisizo na oksijeni kwa ajili ya methanojeni, hatua kwa hatua

Fundi_Biogesi:

Wakuu, habari za maabara.

Maswali ya "mbona methanojeni wangu hawaoti" yamekuwa mengi (methanojeni ni vijidudu wanaotengeneza methani), na mara nyingi mbegu, yaani vijidudu vya kuanzia, haina shida yoyote, ila oksijeni imeingia mahali. Tuweke mambo sehemu moja. Nitazungumzia midia ya madini, yaani maji yenye chakula cha kuoteshea vijidudu, kwa tope la mtambo wa biogesi au majimaji ya tumbo la ng'ombe kutoka machinjioni. Methanojeni si bakteria hasa, ni arkea, ila njia ni ileile kwa bakteria wengine wasiovumilia hewa. Msingi wake ni njia ya Robert Hungate ya mwaka 1950, pamoja na maboresho ya chupa za seramu na shinikizo yaliyofuata miaka ya 1970, hasa ya Balch na Wolfe mwaka 1976.

Kabla ya vipimo, jambo moja lieleweke. Kiredushi, yaani kemikali kama sisteini au salfaidi inayomeza oksijeni, kazi yake ni kufagia mabaki. Oksijeni yenyewe inaondolewa kwa moto na gesi. Hesabu hii hapa, kwa chupa ya mililita 120 yenye midia mililita 50:

Maji yaliyokaa hewani kwenye 30 °C yana oksijeni kama mg 7.5 kwa lita. Mililita 50 zina maikromoli 12 hivi. Ni kidogo.

Nafasi ya juu ya mililita 70 ikiwa ni hewa ya kawaida ina oksijeni karibu maikromoli 600. Hapo ndipo balaa lilipo.

Sisteini g 0.5 kwa lita ikijumlishwa na Na2S·9H2O g 0.5 kwa lita, vyote viwili ndani ya mililita 50 vinameza oksijeni maikromoli 90 tu, tena baada ya kuisha kabisa.

Kwa hiyo anayefunga chupa ikiwa na hewa juu halafu akategemea salfaidi imwokoe, ameshindwa kabla ya kuanza.

Vifaa: chupa za seramu za kioo kizito, vizibo vinene vya mpira wa butaili, kofia za alumini na koleo la kubania, mtungi wa N2 na wa N2/CO2 (80:20), mipira ya gesi, sindano ndefu, mabomba ya sindano, pampu ya kuvuta hewa yenye geji. Mpira wa silikoni usiuguse kabisa, iwe kizibo au bomba la gesi. Unapitisha oksijeni kwa kasi ya ajabu. Mpira mwekundu wa kawaida nao haufai kwa kazi ya wiki nzima.

Midia ya msingi, kwa lita moja ya mwisho. Pima kwenye maji mililita 950:

NaCl g 1.0, KCl g 0.5, NH4Cl g 0.25, KH2PO4 g 0.2, dondoo la hamira g 0.5, stoki (mchanganyiko uliokolea ulioandaliwa kabla) ya madini haba mililita 10, stoki ya resazurini ya 0.1% mililita 1.

Resazurini, rangi inayoonyesha oksijeni, ndiyo macho yako. Midia itaanza ikiwa ya bluu.

1. Chemsha hadi itokote vizuri, dakika 10 hadi 15, huku N2 ikipita juu ya maji kupitia sindano ndefu. Bluu itageuka pinki. Maji yakipungua, rudishia kwa maji mengine yaliyochemshwa.

2. Zima moto, weka chupa kwenye beseni la maji baridi, badilisha gesi iwe N2/CO2, sindano izame ndani ya midia itoe mapovu. Usiiache ipoe bila gesi hata dakika moja, maana maji yanavyopoa ndivyo yanavyonyonya hewa.

3. Ikifika joto la kawaida, ongeza NaHCO3 g 2.52 na sisteini-HCl g 0.5, mapovu yakiendelea. Pinki itaanza kufifia. Sisteini ni ya polepole, mpe muda.

4. Gawa mililita 47.5 kwenye kila chupa, utapata chupa 20. Kila chupa iwe imeshapulizwa N2/CO2 kabla, na sindano ya gesi ibaki ndani wakati unamimina. Ukimaliza, chomoa sindano na sukuma kizibo kwa mwendo mmoja. Bana kofia.

5. Vuta hewa kwa pampu na ujaze N2/CO2, mara tano. Malizia na shinikizo dogo la ziada.

6. Otoklevu (chungu cha mvuke wa presha cha kuulia vijidudu) 121 °C dakika 20. Usifungue mpaka ipoe chini ya 50 °C. Chupa yenye shinikizo ikitolewa ya moto inaweza kupasuka usoni, kwa hiyo miwani ya kinga ni lazima.

7. Baada ya kupoa, ongeza kwa bomba la sindano kutoka kwenye stoki safi zisizo na oksijeni: kalisi na magnesi mililita 0.5, vitamini mililita 0.5, asetati 2 M (moli 2 kwa lita) mililita 0.5, Na2S ya 2.5% mililita 1. Jumla inafika mililita 50.

Stoki ya kalisi na magnesi ni CaCl2·2H2O g 1 na MgCl2·6H2O g 4 kwenye maji mililita 100. Ya asetati ni sodiamu asetati yenye maji matatu, g 27.2 kwa mililita 100, ambayo kwenye midia inatoa milimola 20. Kalisi inatengwa kwa sababu ikiokwa kwenye otoklevu pamoja na bikaboneti na fosfeti inaganda na kushuka chini kama chokaa.

Karibuni kwa maswali na marekebisho.

---

Kijana_Maabara:

Asante sana mkuu kwa uzi. Naomba kuuliza mawili. Kwanza, kwa nini mara tano? Mwongozo nilionao unasema tatu. Pili, chupa zangu zinatoka kwenye otoklevu zikiwa pinki tena. Nizitupe?

---

Fundi_Biogesi:

Kijana, inategemea pampu yako. Kama inavuta mpaka ikabaki sehemu ya kumi ya gesi, kila mzunguko unagawa oksijeni kwa kumi. Hewa ina 21%, sawa na sehemu 210,000 kwa milioni. Mizunguko mitatu inakuacha na 210, mitano inakuacha na 2. Pampu ikiwa dhaifu, inaacha sehemu ya tano hivi, mara tatu bado umebaki na 1,700. Soma geji yako kwanza ndipo uchague namba.

Ila usivute kwa nguvu wakati midia bado ina joto. Itatokota ndani ya chupa, ipande kwenye sindano mpaka kwenye pampu.

Kuhusu pinki, usitupe haraka. Resazurini ina hatua mbili. Ya kwanza ni bluu kwenda pinki, na hairudi nyuma. Ya pili ni pinki kwenda kutokuwa na rangi, na hiyo inakwenda na kurudi kadiri oksijeni inavyoingia na kutoka. Chupa ikiwa ya moto rangi inaweza kurudi kidogo kisha ikafifia inapopoa. Ziache usiku mzima. Asubuhi angalia hivi:

Zote zimekuwa kama maji: endelea.

Zote bado pinki hafifu, kwa kiwango kimoja: sisteini yako imechoka, au gesi yako ina oksijeni.

Moja au mbili tu ni pinki: hizo zina kizibo kibovu au kofia haikubana. Shika kofia kwa vidole ujaribu kuizungusha. Ikizunguka, inavuja. Hizo tupa.

Na ukiona pete ya pinki juu kabisa, mahali midia inapogusana na gesi, huku chini pakiwa safi, hiyo ni hewa inayoingia sasa hivi.

---

BiKemia:

Uzi mzuri. Naongezea upande wa salfaidi, maana hapo ndipo watu wengi wanapoharibu bila kujua.

Na2S·9H2O nzuri ni fuwele angavu, karibu kama barafu, zenye unyevu. Kopo likishafunguliwa mara kadhaa, fuwele zinavaa ganda jeupe au la njano linalopukutika. Ganda hilo si salfaidi tena, ni mchanganyiko wa thayosalfeti, kaboneti na kadhalika. Ukipima fuwele pamoja na ganda lake, mizani itasema g 2.5 lakini salfaidi halisi haifiki. Chukua fuwele kubwa kwa koleo la plastiki, zisuuze haraka kwa maji yaliyotolewa oksijeni mpaka ziwe safi na za utelezi, zikaushe kwa karatasi, ndipo upime. Unga-unga wa chini ya kopo usitumie kwa kazi hii.

Kwa mililita 100: chemsha maji, yapoze chini ya N2, weka fuwele g 2.5, gawa kwenye chupa za seramu zisizojaa zaidi ya nusu, funga, badilisha gesi iwe N2 tupu, kisha otoklevu.

Nasisitiza N2 tupu. CO2 ni asidi. Ukiweka stoki ya salfaidi chini ya N2/CO2, pH inashuka, salfaidi inageuka H2S, inahamia kwenye nafasi ya juu, na siku unachomeka sindano inatoka yote ikuingie puani. H2S ni sumu kali, na ikizidi takriban sehemu 100 kwa milioni pua inaacha kuisikia, kwa hiyo kutosikia harufu si dalili ya usalama. Fanya ndani ya kabati la moshi, lile linalovuta gesi nje, na mabaki yake usiyamwage kwenye sinki au chombo chenye asidi.

Jambo la pili linatokana na hilohilo. Kwenye pH 7 karibu nusu ya salfaidi ni H2S. Ukishaongeza salfaidi kwenye midia, USIPULIZE TENA nafasi ya juu wala kuvuta kwa pampu. Unaiondoa salfaidi uliyoiweka, na pH inabadilika. Gesi yote imalizike kwanza, salfaidi iwe ya mwisho.

---

Kijana_Maabara:

Dada BiKemia asante. Na stoki ya sisteini je? Yangu ina vitu vyeupe vinaelea kama pamba.

---

BiKemia:

Hiyo pamba ni sistini. Molekuli mbili za sisteini zikishameza oksijeni zinaungana, na kinachopatikana hakiyeyuki vizuri kwenye maji, ndiyo maana unakiona. Kila uzi mweupe unaouona ni kiredushi kilichokwisha kazi. Tengeneza upya.

Sisteini-HCl ikiyeyushwa ni asidi kali, na ikiachwa hivyo inadumu zaidi. Ukiipandisha pH kuelekea 7 inaoksidika haraka. Kwa hiyo ukitaka stoki ya kuweka, g 2.5 kwa mililita 100 chini ya N2, iache na asidi yake. Mililita 1 ndani ya midia ya bikaboneti milimola 30 haitikisi pH kiasi cha kukusumbua.

---

Msomi_Nairobi:

Hamjambo. Swali la watu wa nyanda za juu: hapa Nairobi maji yanachemka kama 94 °C. Je, kuchemsha bado kunatoa oksijeni ya kutosha? Na otoklevu yangu ni ile ya sufuria ya presha, ina geji ya shinikizo tu, haina kipimajoto.

---

Mzee_wa_Mitungi:

Kuchemsha usiwe na wasiwasi. Kinachotoa oksijeni si 100 °C, ni ule mtokoto. Maji yakitokota, mvuke wake una shinikizo sawa na la hewa inayokuzunguka, kwa hiyo juu ya maji pamejaa mvuke na hewa inasukumwa nje. Nairobi au Mombasa ni kitu kilekile.

Sufuria ya presha ndiyo yenye mtego. Geji inasoma shinikizo lililo juu ya lile la mahali ulipo. Pwani, psi 15 inakupa 121 °C. Nairobi, ambako hewa ina takriban kPa 82, psi 15 hiyohiyo inakupa kama 118 °C. Ili ufike 121 unahitaji karibu psi 18. Kama vali ya sufuria yako haikuruhusu, usiichezee. Ongeza muda, dakika 30 hadi 40 kwa chupa za mililita 50. Na acha mvuke utoke wazi dakika 10 kabla ya kufunga vali, kwa sababu hewa ikibaki ndani geji itasoma psi 15 lakini joto halijafika.

Wa Arusha mpo katikati, ongezeni kidogo nanyi.

---

Kijana_Maabara:

Tatizo jingine la mtungi. Muuzaji wa gesi ana N2 ya viwandani tu. Kuna njia? Wapo wanaoshauri kuwasha mshumaa ndani ya mtungi wa kioo uliofungwa.

---

Mzee_wa_Mitungi:

Mshumaa hapana. Unazimika wakati oksijeni bado iko kama 16%. Unaongeza CO2, basi. Unawafaa vijidudu wanaopenda hewa pungufu. Methanojeni hawataota humo.

Gesi ya viwandani inasafishwa kwa shaba. Chukua bomba la kioo kinachohimili joto kali, lijaze vipande vyembamba vya shaba safi, viringisha waya wa kupasha joto nje, fikisha 300 hadi 350 °C, kisha pitisha gesi yako polepole. Shaba inashika oksijeni na kuwa oksidi nyeusi. Utaona weusi unaanza upande gesi inapoingilia, unasogea mbele siku hadi siku kama kivuli, na mbele yake shaba bado ni nyekundu ya kung'aa. Weusi ukifika robo tatu ya bomba, ni wakati wa kuifufua.

Kufufua: pitisha mchanganyiko wa H2 5% ndani ya N2, moto ukiwa uleule. Weusi unarudi nyekundu, na matone ya maji yanatokea kwenye mdomo wa kutokea. Mdomo huo uelekezwe nje. Usitumie haidrojeni tupu. Ikichanganyika na hewa kuanzia 4% inaweza kulipuka, na wewe una bomba la moto wa nyuzi 350 mezani. Hata kwa mchanganyiko dhaifu, fukuza hewa yote kwa N2 kwanza ndipo upashe joto.

Kitu kingine ambacho watu wanasahau: mipira inayotoka kwenye shaba kwenda kwenye sindano. Gesi inatoka safi kabisa halafu inapita mita tatu za mpira wa silikoni. Tumia shaba nyembamba au butaili, na fupisha kadiri uwezavyo.

Na mitungi ifungwe minyororo ukutani, madirisha wazi. N2 haina harufu, inamzimisha mtu chumbani kimyakimya.

---

Mwalimu_wa_Madini:

Naongezea stoki mbili ambazo Fundi amezitaja kwa jina tu.

Madini haba, kwa lita: asidi ya nitrilotriasetiki g 1.5. Anza na hii peke yake. Haiyeyuki mpaka upandishe pH hadi 6.5 kwa KOH, tone kwa tone. Ikishayeyuka yote ndipo uongeze kimoja baada ya kingine: MgSO4·7H2O g 3.0, MnSO4·H2O g 0.5, NaCl g 1.0, FeSO4·7H2O g 0.1, CoCl2·6H2O g 0.1, CaCl2·2H2O g 0.1, ZnSO4·7H2O g 0.1, kisha CuSO4·5H2O, AlK(SO4)2·12H2O, H3BO3 na Na2MoO4·2H2O g 0.01 kila kimoja. Malizia pH 7.0. Nitrilotriasetiki inayashika madini yasigande. Ukiyaweka yote kwa pamoja mwanzoni, utapata tope la kutu lisiloyeyuka tena.

Kwa methanojeni ongeza NiCl2·6H2O g 0.025 na Na2SeO3 mg 0.3. Nikeli si hiari. Iko katikati ya kimeng'enya cha mwisho cha kutengeneza methani, na bila hiyo ukuaji unadumaa baada ya kuhamisha mara mbili tatu, kadiri nikeli iliyokuja na mbegu inavyoisha. Dalili hii inawachanganya watu sana: chupa ya kwanza inaota vizuri, ya nne imekufa.

Vitamini, kwa lita: biotini mg 2, asidi ya foliki mg 2, piridoksini-HCl mg 10, thayamini-HCl, riboflavini, asidi ya nikotini, kalisi pantothenati, asidi ya p-aminobenzoiki na asidi ya lipoiki mg 5 kila moja, B12 mg 0.1. Usioke kwenye otoklevu. Toa oksijeni kwa mapovu ya N2, chuja kwa kichujio cha mikromita 0.2 moja kwa moja ndani ya chupa iliyokwisha okwa ikiwa na N2, funga kwa karatasi ya alumini na weka 4 °C gizani. Riboflavini na B12 zinaharibiwa na mwanga.

Mkiona midia imekuwa nyeusi baada ya salfaidi, msishtuke, ni chuma na salfaidi. Unga mweusi mwepesi hauna neno. Unga mweupe mzito ndio wa kuangalia. Huo ni kalisi au magnesi, na maana yake pH imepanda.

---

Kijana_Maabara:

Hapo kwenye pH. Nikipima midia yangu mezani inasoma 7.8, na jinsi ninavyokawia inazidi kupanda. Niongeze asidi?

---

Fundi_Biogesi:

Usiongeze asidi! Midia hii inashikiliwa na bikaboneti ikipambana na CO2. Milimola 30 chini ya CO2 20% zinakaa karibu pH 7.0 kwenye 25 °C, na kama 7.1 kwenye 37 °C. Ukiimimina kwenye bilauri, CO2 inatoroka hewani na pH inapanda mbele ya macho yako. Kipimo chako kinasoma midia nyingine, si ile ya kwenye chupa. Ukiongeza asidi utavunja bikaboneti, halafu ndani ya chupa pH itakuwa chini mno.

Pima ukiwa unapuliza N2/CO2 ndani ya bilauri hiyohiyo, subiri namba itulie.

Kwa sababu hiyohiyo, midia ya bikaboneti haipewi N2 tupu. Ukikosea mtungi ukapuliza N2 peke yake, pH inavuka 8 na ule unga mweupe aliousema Mwalimu unashuka.

Wanaolisha haidrojeni nao wazingatie. H2/CO2 ya 80:20 ukiijaza mpaka bar 2 kamili, shinikizo la CO2 ni mara mbili, pH inashuka kama 0.3. Weka NaHCO3 g 5.04 badala ya 2.52 urudi kwenye 7.0.

Na hapo kuna mtego ambao umeua tamaduni nyingi. Methanojeni wanachukua H2 nne na CO2 moja, wanatoa CH4 moja. Gesi tano zinakuwa moja. Chupa iliyoanza bila shinikizo la ziada inageuka ombwe, na ombwe linavuta hewa kupitia kila tundu la sindano lililowahi kutobolewa kwenye kizibo. Chupa inaota siku tatu, ya nne inarudi pinki. Anza na bar 2, pima kila siku, jaza tena kabla haijashuka hadi shinikizo la kawaida. Laza chupa na uitikise, kwa sababu H2 inayeyuka kidogo sana, kama milimola 0.8 kwa lita. Bila kutikisa wanakaa na njaa chini ya gesi tele.

---

Mwanamaji_Tanga:

Nina swali la tope la mikoko. Nitumie midia hiihii?

---

BiKemia:

Chumvi haitoshi. Kwa viumbe wa baharini panda hadi NaCl g 20 na MgCl2·6H2O g 3 kwa lita, CaCl2·2H2O g 0.15. Magnesi nyingi hivyo lazima iongezwe baada ya otoklevu, usijaribu kuioka na bikaboneti.

Halafu tope la mikoko limejaa salfeti, maji ya bahari yana kama milimola 28. Vijidudu wanaokula salfeti wanawashinda methanojeni kwenye H2 na asetati. Ukiwapa asetati utaotesha hao, chupa itanuka mayai yaliyooza na methani utaipata kidogo. Wape methanoli au trimethilamini, chakula ambacho washindani hawakigombanii sana, na usiweke salfeti yoyote kwenye midia zaidi ya ile ya madini haba.

---

Msomi_Nairobi:

Kuna anayetumia titani badala ya salfaidi? Kazi yangu ni ya kupima salfaidi yenyewe, siwezi kuiongeza.

---

BiKemia:

Titani(III) sitreti. Kwenye sodiamu sitreti 0.2 M mililita 50 isiyo na oksijeni, ongeza TiCl3 ya 15% mililita 5, kisha sawazisha hadi pH 7 kwa Na2CO3 iliyokolea, yote chini ya N2. Unapata takriban 0.1 M ya rangi ya zambarau iliyokolea. Chuja, usioke. Mililita 10 kwa lita zinakupa milimola 1.

Nguvu yake ya kuredushi (kadiri mV inavyoshuka chini ya sifuri ndivyo inavyozidi) ni kubwa, −480 mV hivi, wakati sisteini iko karibu −210. Ikiisha kazi zambarau inapotea, kwa hiyo ina kiashiria chake. Ila fahamu mambo mawili: wapo wanaokula sitreti, na titani haina salfa. Methanojeni wengi wanataka salfa kutoka kwenye salfaidi au sisteini, kwa hiyo bakiza sisteini kidogo kama vipimo vyako vinaruhusu.

Na resazurini kukosa rangi kunakwambia tu umeshuka chini ya −110 mV hivi. Methanojeni wanahitaji kama −300. Rangi ikiwepo ujue kwa hakika pana hewa. Isipokuwepo, bado haijathibitisha kwamba umefika.

---

Kijana_Maabara:

La mwisho wakuu. Bomba la sindano naliandaaje, na chupa zilizo tayari zinakaa muda gani?

---

Fundi_Biogesi:

Bomba jipya lina hewa kwenye sindano na shingo yake. Tumbukiza sindano kwenye chupa tasa yenye N2 inayopita, vuta, toa nje, mara tatu. Ya mwisho usiitoe yote, bakiza kidogo, na unapofika kwenye kizibo sukuma hiyo gesi ikitoka huku unachomeka. Hewa mililita 1 ina oksijeni karibu maikromoli 9, yaani sehemu ya kumi ya kiredushi chote cha chupa yako. Stoki nne bila kusafisha bomba, kila moja na hewa mililita 1, ni kama asilimia 40 ya akiba imekwenda. Plastiki ya bomba nayo inapitisha oksijeni polepole, usivute stoki ukaiacha mezani ukaenda kujibu simu.

Kizibo kipangusie spiriti, acha ikauke. Toboa kila mara mahali tofauti, na tumia sindano nyembamba, namba 23 au 25. Sindano nene inakata kipande cha mpira na kuacha tundu.

Mbegu weka mililita 2.5 hadi 5. Kila kundi la chupa liwe na mbili bila mbegu, zipitie sindano zilezile, zikae 37 °C pamoja na nyingine. Hizo zikigeuka pinki, matokeo ya kundi zima yatilie shaka.

Chupa bila salfaidi na vitamini zinakaa miezi kadhaa gizani kama vizibo ni vizuri. Ukishaongeza salfaidi, acha usiku mmoja, hakiki rangi, tumia ndani ya wiki mbili. Stoki ya salfaidi mimi sivuki mwezi. Ikianza kuwa ya njano, hiyo ni polisalfaidi, tengeneza nyingine.